Tupeane uzoefu: maamuzi madogo yanayotuchosha akili

Mwana wa Ngamiani (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga. Jana usiku mke wangu aliniuliza, "Kesho tupike nini?" nami nikashindwa kujibu, ilhali kutwa nzima dukani nilikuwa nikipanga bei na wateja bila taabu. Mwaka 2012 Barack Obama, akiwa Rais wa Marekani, alieleza kwamba huvaa suti za kijivu au za buluu tu, kwa kuwa hataki kupoteza nguvu ya kuamua juu ya mavazi na chakula. Ninyi mmepunguza maamuzi gani, na kwa njia ipi?

Kanzu Nyeupe
Wazee wetu walilimaliza suala hilo zamani. Mimi nina kanzu za mshono mmoja, kofia ya kazi na kofia ya Ijumaa, basi. Kabatini sina cha kutafakari.

Bint Raskazone
Na kanzu hizo, mzee wangu, hufuliwa na kupigwa pasi na nani?

Kanzu Nyeupe
Hufuliwa nyumbani, bibie. Mbona swali limekuja na pilipili?

Bint Raskazone
Kwa sababu anayezifua ndiye anayeamua zifuliwe lini, inunuliwe sabuni ipi, na doa la mchuzi litolewe kwa ndimu au kwa dawa ya dukani. Uamuzi haukuondoka, umehamia upande wa pili wa ukuta.

Mama Wawili
Dada, umenisemea yangu yote.

Ma Mkubwa wa Chumbageni
Mada hii imenigusa pabaya. Mama yetu alipolazwa, mimi ndiye mkubwa, hivyo kila jambo lililetwa kwangu: nani alale naye, mbuzi yupi auzwe, ndugu walioko Dar es Salaam waje au wasubiri, uji upikwe wa mtama au wa mchele. Hata daktari alipotaka idhini ya familia, simu yangu ililia kwa ajili ya funguo za stoo. Maamuzi mazito niliyatoa nikiwa nimesimama wima. Jioni mtoto wa mdogo wangu akanikuta kwenye ngazi, ameshika noti mkononi, akauliza kwa adabu, "Ma mkubwa, ninunue mkate au maandazi?" Sikuweza kumjibu. Machozi yalinitoka mbele ya watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa, na mtoto akarudi nyuma polepole, akidhani amenikosea.

Kilichotusaidia ni kugawana: kaka alishika fedha, mdogo wangu akashika zamu za kulala, mimi nikabaki na madaktari, na ikawa mwiko mtu kumuuliza mwenzake jambo lililo mikononi mwake.

Mama Wawili
Pole sana, dada.

Mwalimu Mstaafu
Tuwe waangalifu na neno "utafiti", maana mtu atalileta. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walidai kwamba nguvu ya akili ya kujizuia, na hata ya kuamua, hupungua kadiri inavyotumika, lakini mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 zilirudia jaribio la namna hiyo na hazikuona athari ya maana.

Bint Raskazone
Kwa hiyo dada wa Chumbageni alilia kwa makosa ya kitaalamu?

Mwalimu Mstaafu
Sikusema hivyo, binti yangu. Uchovu wake haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni maelezo ya chanzo chake.

Kijana wa Makorora
Jirani yetu, dalali wa samaki, alirudi kutoka mnadani, mkewe akamuuliza ale wali au bada. Akatoa talaka papo hapo.

Mama Wawili
Yarabi! Walirudiana?

Kanzu Nyeupe
Talaka ya hasira ina masharti yake, msiikimbilie.

Kijana wa Makorora
Walirudiana baada ya shekhe wa mtaa kuingilia kati. Sasa haulizwi, anakuta sahani mezani.

Bint Raskazone
Yaani ameshinda!

Mwana wa Ngamiani
Turudi kwenye mada, tafadhali. Nani ana ratiba ya mapishi?

Mama Wawili
Mimi ninayo, imebandikwa ukutani: Jumatatu mbaazi, Jumanne changu, Jumatano dagaa, Ijumaa pilau.

Mvuvi wa Jioni
Dada yangu, changu hasomi ratiba. Kusi likivuma, au maji yakiwa mafu, utakuta sokoni si ulichokiandika, na ukilazimisha utalipa mara mbili. Panga fedha tu, kisha chukua samaki wa kwanza mbichi anayeingia ndani ya fedha hiyo, uondoke bila kugeuka nyuma.

Mwalimu Mstaafu
Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza karibu hayo hayo: mtu huchagua kinachotosha, wala hatafuti kilicho bora kuliko vyote.

Mvuvi wa Jioni
Mimi sikupewa tuzo.

Kanzu Nyeupe
Ushauri wangu: oeni mpishi.

Bint Raskazone
Ushauri wangu: mzee afue kanzu zake.

Mwana wa Ngamiani
Mama Wawili, mtoto asiyependa dagaa unamfanyaje siku ya Jumatano?

Mama Wawili
Anakula mchuzi wake na wali, na Alhamisi ananikumbusha.