Naomba ushauri: kupima vipanya vya maabara, nigawanye kwa uzito?
Asalam aleikum ndugu zangu, niko Malindi naandaa utafiti wa vipanya vya maabara, nitapima oksijeni wanayovuta na kaboni dayoksaidi wanayotoa nijue wanachoma nini, uwiano wa kaboni dayoksaidi kwa oksijeni ukiwa karibu na 0.7 ni mafuta, ukifika 1.0 ni wanga. Kinachonikosesha usingizi ni hii hesabu, nikigawanya oksijeni hiyo kwa uzito wa mwili basi kipanya mnene ataonekana mvivu wa kuchoma kumbe ni mafuta yake tu, maana mafuta hayachomi sana kama nyama. Nitumie rigresheni, yaani hesabu ya takwimu inayozingatia uzito bila kugawanya? Na joto je, maabara nyingi huweka nyuzi 22 ambazo kwao ni baridi, wao hustarehe karibu na 30, na huku kwetu bila eisii (kiyoyozi) chumba chafika huko chenyewe. Nichague lipi jamani?