Mzee wa ukweni anasema babu zake walilishwa sumu

Wapendwa, habari za siku nyingi. Wakubwa shikamooni.

Baba mkwe wangu ametimiza miaka 84 na moyo unamsumbua. Wazazi wake walihamia Kanada kutoka mji mdogo jirani na Siracusa, kisiwani Sicilia. Kila tukikaa naye anarudia jambo moja: babu wa babu yake alilelewa na shangazi, kwa sababu wazazi wake "walilishwa sumu na serikali". Mume wangu humwambia, baba, hizo ni hadithi tu. Mzee hunyamaza, na ule ukimya wake unaniuma. Nataka nimtafutie ukweli angali hai. Nianzie wapi? Kiitaliano changu ni cha salamu na sokoni.

Mdogo wenu, Toronto

---

Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji asimkatize mzee. Hiyo sumu ndiyo itakayokupa mwaka.

Ukisikia habari ya sumu kwa watu wa Siracusa, fikiria 1837. Kipindupindu kiliingia Palermo kwa njia ya bahari kutoka Naples mwezi Juni. Hadi kinaisha, mji huu ninaokaa ulikuwa umezika watu zaidi ya 20,000, na kisiwa kizima karibu 69,000. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba maradhi yamo kwenye maji. Watu walimwona jirani mzima asubuhi, jioni maiti, wakasema huu si ugonjwa, kuna mkono wa mtu, na mkono wenyewe ni wa serikali ya mfalme Ferdinando II. Julai ile umati wa Siracusa uliwaua maofisa kwa tuhuma za kumwaga sumu. Wakili mmoja, Mario Adorno, akatoa tangazo kuwa sumu imethibitika; Agosti akapigwa risasi. Mji ukaadhibiwa kwa kunyang'anywa makao makuu ya mkoa, yakahamishiwa Noto. Kwa hiyo mzee wako hatungi. Anasema kile walichoambiwa watoto waliobaki, na kimefika kwake kizazi baada ya kizazi.

Sasa kazi yenyewe. Sicilia serikali ilianza kusajili raia mwaka 1820. Kila mji una madaftari ya kila mwaka: *nati* ni waliozaliwa, *matrimoni* ni ndoa, *morti* ni waliokufa. Mengi yamepigwa picha na yapo bure kwenye tovuti ya Antenati, ya hifadhi za nyaraka za taifa la Italia. Mji ukiukosa hapo, tafuta FamilySearch. Kabla ya 1820 itabidi ubishe hodi parokiani.

Usirukie 1837. Anza na babu yake mzee, panda ngazi moja moja mpaka umfikie huyo yatima, kisha itafute ndoa yake. Hapo ndipo penye hazina, na nakuomba uyashike maneno mawili madogo: *di* na *fu*. Wakiandika "figlio di Salvatore", baba yu hai. Wakiandika "figlio del fu Salvatore", baba ni marehemu. Mimi niliyasoma madaftari miezi miwili bila kulitilia maanani hilo *fu*, nikawa namtafuta mtu kwa walio hai naye yuko kaburini.

Zaidi ya hapo, aliyetaka kuoa ilibidi apeleke makaratasi, nayo yalihifadhiwa mafungu mafungu, huitwa *processetti* au *allegati*. Aliyefiwa na baba alipeleka nakala ya cheti cha kifo cha baba yake, mara nyingi na cha babu mzaa baba pia, kwa kuwa ndoa ilihitaji idhini yao. Fungu moja la karatasi, vizazi vitatu.

Mama zetu je? Tafuta kila mwanamke kwa ukoo wa baba yake. Sicilia mke habadili jina kwenye daftari, kama kwetu pwani ambako binti Salim hubaki binti Salim hata akiolewa mara tatu. Na jihadhari na majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo utakuta binamu wanne wa jina moja na rika moja. Watofautishe kwa jina la mama.

Daftari la *morti* halikuandikii sababu ya kifo. Usitafute neno kipindupindu, tazama tarehe. Nilipofungua la Palermo la Julai 1837 nikiwa na mama mkwe, kurasa hazikwisha. Katikati ya mwezi mwandiko ukabadilika, karani mwingine ameshika kalamu. Kwenye ukoo wa mume wangu tulikuta baba, siku mbili baadaye mtoto, na kabla wiki haijaisha bibi. Mama mkwe alifunga kompyuta, akaenda kuwasha mshumaa. Tuliendelea kesho yake.

Mimi ni mtu wa Unguja, nami lilinigusa kwa namna yangu. Daktari James Christie, aliyemtibu Sultani, aliandika kwamba kipindupindu kilipiga Zanzibar pia 1836 na 1837. Wa kwetu wa miaka ile hawana daftari la kufungua. Wenu wanalo, lifungueni.

Dada yako, Palermo

---

Dada, Mungu akuzidishie.

Wiki tatu, kila usiku watoto wakilala. Ndoa ya yatima tumeipata, *fu* kwa baba na *fu* kwa mama. Ndani ya fungu kuna cheti cha baba: mwishoni mwa Julai 1837. Mume wangu akaomba daftari la *morti* alifungue mwenyewe. Mama yumo, siku tatu baada ya mumewe, miaka 31. Amemsomea baba yake majina yote mawili, na mzee amemwomba arudie la mama.

Neno moja limetushinda. Mbele ya jina lake wameandika *filatrice*. Ni nini?

---

Msokota nyuzi. Mwambieni mzee alikuwa akisokota nyuzi.