Mrejesho: Tamthilia yangu sasa ina waigizaji

Ndugu zangu, niliomba ushauri hapa baada ya kikundi kimoja kunirudishia mswada wangu kuhusu mjane anayedai jahazi la marehemu mumewe, nikauliza kama mtu aliyependa jukwaa tangu utotoni aendelee kuandika. Mlinishauri niusikilize ukisomwa kwa sauti, kisha nirejee *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969), tamthilia kuhusu Vita vya Maji Maji.

Nimefanya yote mawili. Katika *Kinjeketile*, kilichonishika ni mwisho: shujaa aliye mikononi mwa Wajerumani anakataa kutamka kwamba maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalikuwa uongo, kwa kuwa anatambua kauli hiyo ingewavunja moyo hata watakaokuja baadaye, na mvutano huo wa ndani unabeba uzito kuliko vita vyenyewe.

Waigizaji wa hapa Bagamoyo waliposoma mswada wangu, mama aliyesoma sehemu ya mjane alifika katikati ya hotuba yake ndefu mbele ya mashemeji, akanyamaza, akaendelea kushona wavu wa kuwazia mikononi mwake. Chumba kizima kilimtazama. Hotuba ile nimeipunguza hadi sentensi tatu, na wavu umeingia rasmi katika maelekezo ya jukwaa.

Kikundi hiki cha Bagamoyo kimekubali kuiigiza tamthilia yangu, na mazoezi yameanza. Malipo hayapo bado, lakini nimeshaanza tamthilia nyingine, maana kuacha siwezi. Aliyenishauri kuhusu usomaji wa sauti, nakushukuru kwa dhati. Sehemu ya shemeji mkubwa bado inanisumbua, nami nitaileta hapa mnisaidie.