Tupeane uzoefu: wazee wetu waliotoka jeshini wakaingia jikoni

Binti wa Dereva:

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi. Tumemaliza arobaini ya mzee wiki iliyopita, wageni wameondoka, nyumba imepoa, na stori zake hazitoki kichwani. Nimeona nianzishe huu uzi. Kama una baba, babu, mjomba au mume aliyepita jeshini, akarudi akawa mtu wa familia na mwiko hautoki mkononi, njoo utusimulie. Naanza mimi.

Baba alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa 1978 alikuwa kijana hajaoa, akapangiwa kupeleka unga, maharage, chumvi na mafuta kwa wapiganaji waliokuwa mbele. Majeshi ya Amin yalikuwa yamelipua daraja la Kyaka, kwa hiyo walivuka Mto Kagera kwa daraja la muda, lori moja moja. Alifika Masaka, na baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 alifika na huko pia. Ukimuuliza Kampala ilikuwaje atakwambia bei ya ndizi. Basi. Mengine alikaa nayo.

Kupika alijifunzia huko huko njiani. Mpishi akiugua malaria, watu wana njaa, dereva unaambiwa shuka ushike mwiko. Alikuwa na msemo wake: "Bunduki bila ugali ni fimbo tu."

Alipooa, nchi ilikuwa katika ile hali ambayo wakubwa humu wanaikumbuka. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ikaendelea kukazwa miaka. Sabuni foleni, sukari foleni, na unga wenyewe ule wa njano tuliouita unga wa Yanga. Mama alikuwa hauwezi, ukimshinda analia. Baba anauchekecha kwanza, anakoroga uji mwepesi, anauacha uchemke mpaka ile harufu ya ghala iishe, ndipo anaanza kusonga kidogo kidogo. Majirani walikuwa wanatuma watoto kuja kuangalia anavyofanya.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa maharage. Jumamosi jioni anakaa kwenye kigoda, miwani kwenye ncha ya pua, ungo mapajani. Anapepeta, halafu anapitisha kidole punje kwa punje, na kila jiwe analoliona analiweka kwenye kifuniko cha chupa pembeni. Hatupi. Akimaliza anatuita tuhesabu mawe, anasema hayo ndiyo meno yenu niliyookoa leo. Usiku yanalowekwa, alfajiri yanabandikwa kwenye chungu na kuni mbili za mwarobaini, chumvi haiguswi mpaka yaive. Ole wako uweke chumvi mapema, utasikia sauti ya gwaride.

Kupakua ni kwa mstari, mdogo anatangulia, mama anafuata, yeye wa mwisho. Kuna siku sufuria lilifika kwake tupu, akajikwangulia ukoko akala na chumvi huku anapiga mluzi.

Sasa nyie mnajua mitaa yetu. Mwanaume akionekana anamenya vitunguu nje ya nyumba yake, maneno yanaanza: huyu kalishwa limbwata. Mama alisemwa sana. Siku moja mzee mmoja jirani akamwambia baba uso kwa uso, kwenye bao. Baba akajibu bila kuinua macho: "Nimewapikia wanaume wenye bunduki, tena wenye hasira. Hakuna aliyeniuliza nimelishwa nini." Wazee wakacheka, na maneno yakaishia hapo. Mimi nadhani jeshi lilimpa kibali ambacho wanaume wengine pale mtaani walikitamani wakakikosa. Nani angemwambia mtu aliyetoka vitani kwamba si mwanaume?

Karibuni.

Abiria wa Mbagala:

Pole sana dada. Hiyo ya limbwata nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia. Mzee apumzike kwa amani.

Mjukuu wa Keya:

Pole dada yangu, natokea Kitui. Wangu ni babu, na vita yake ilikuwa ile kubwa. Wakamba waliandikwa wengi sana katika KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku kwetu, ndilo watu waliita Keya, na yeye akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. 1944 walikuwa wanashuka Bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani, katikati ya mvua ambayo babu alisema huku kwetu hatujawahi kuiona. Magari yalikwama kwenye matope, chakula kikawa kinadondoshwa na ndege. Alituambia waliangalia juu kuliko walivyoangalia mbele.

Aliporudi, wanajeshi wazungu walifunguliwa mpango wa kugawiwa mashamba kwenye nyanda za juu. Babu alirudi na koti zito la jeshi, mkebe wa kulia, na tabia ya kutaka bizari kwa kila kitu. Hebu fikiria Kitui ya wakati ule, chakula ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mtu anaweka bizari ya Mhindi ndani! Nyanya alikataa hata kuonja. Babu akapika yake pembeni, kwa moto wake, na watoto wakawa wanahamia upande wake mmoja mmoja. Mwishowe nyanya naye akawa anatuma mtu na kibakuli, "aniwekee kidogo, si kwamba napenda."

Ule mkebe ndio uliokuwa kipimo chetu. Mkebe mmoja wa muthokoi, nusu mkebe wa maharagwe, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupima kwa kikombe. Shangazi bado anao na hauzi.

Sina Jina Leo:

Samahanini nitaharibu hali ya hewa. Baba yangu naye alikuwa Kagera, na hakurudi kupika. Alirudi kunywa. Mama ndiye aliyebeba kila kitu, na usiku mzee akipiga kelele usingizini tulikuwa tunajificha kwa bibi. Naona tunavyowasifia hapa, sawa, nafurahi kwa ajili yenu, ila si kila aliyerudi alirudi mzima. Wakati ule nani angempeleka mpiganaji kwa daktari wa akili? Walipewa nishani wakaambiwa rudini kwenu.

Kitu kimoja nitakisema kwa haki. Asubuhi ambazo hajagusa pombe alikuwa anaamka kabla ya wote anapika uji wa ulezi, anaupoza kwa kumimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, anamwamsha kila mtoto kwa jina. Sijawahi kumwambia mtu hili.

Binti wa Dereva:

Hujaharibu chochote kaka au dada yangu. Uzi ni wa kwetu wote. Na mimi ule mluzi wa baba sidhani kama ulikuwa wa furaha siku zote.

Mama wa Pangani:

Assalamu alaykum. Wangu ni mume, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye ni wa juzi juzi, alikuwamo kwenye msafara wa Machi 2008 uliokwenda kisiwa cha Anjouan, Komoro, kumtoa Kanali Bacar aliyekuwa amekatalia madarakani kule. Mimi nilibaki na mimba na redio. Kumbe ilikuwa kazi ya muda mfupi, akarudi salama, na kwenye begi badala ya kanga za wife kaniletea maganda ya vanila yamefungwa kwenye gazeti! Nilinuna. Akasema subiri. Akayapasua ganda moja kwa kisu, akakwangua zile mbegu nyeusi akatia kwenye chai ya maziwa. Nikiwa bado nimenuna nikanywa vikombe viwili.

Ramadhani ndiyo ilikuwa yake. Likizo yake aliiomba iangukie mwezi mtukufu, akikosa anasikitika kama mtoto. Alasiri anavaa msuli, anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi mwenyewe, tui la kwanza analiweka kando, la pili na la tatu ndilo linalopikia muhogo. Muhogo ukishalainika ndipo anatia lile zito, moto anaupunguza, na hapo hamna mtu kuongea naye. Anakoroga polepole, anachota juu kwa upawa anamimina tena, ili tui lisikatike. Dada zake walikuwa wanasimama mlangoni wanasema, "Huyu ametuaibisha, sasa waume zetu watasema sisi tumezidiwa na askari." Waume zao walikuja kufuturu kwetu mwezi mzima, na mmoja hata kuosha sahani hakuosha.

Wanangu hadi leo chai bila vanila wanaiita chai ya hospitali.

Muhaya Halisi:

Shemeji, vanila ipo Bukoba tena tele, mngetuambia. Na mzee wa mleta uzi alikaa Kagera yote hiyo hakujifunza senene? Hapo mniruhusu nisikitike kidogo.

Binti wa Dereva:

@Muhaya Halisi alijifunza kula, kukaanga akashindwa. Alisema kuna vitu vinahitaji kuzaliwa navyo. Mnyiramba wa watu angefanyaje?

Kijana wa Monduli:

Nimesoma yote kimya, naomba na mimi niseme la msiba.

Baba alikuwa mpishi wa jeshi hasa, kazi yake ilikuwa mesini tangu kuajiriwa mpaka kustaafu. Mtu aliyezoea kupikia kikosi hawezi kupika kidogo. Nyumbani tulikuwa sita, anapika cha watu ishirini, mama anagombana naye kila siku kuhusu mchele. Jibu lake lilikuwa lile lile: atakuja mtu. Na kweli alikuwa anakuja mtu, maana mtaa mzima ulishajua. Wanafunzi waliopanga jirani, mlinzi wa shule, mama muuza mkaa. Sahani za wageni zilikuwa nyingi kuliko zetu.

Alipofariki, kamati ya msiba ikapanga kila kitu vizuri, wanawake wa mtaa wakabandika masufuria tangu usiku. Asubuhi wakafika wastaafu wenzake, wazee watupu, bereti kichwani, nishani kifuani, mmoja anatembelea mkongojo. Wakapiga saluti mbele ya jeneza, wakatoa salamu za pole, halafu badala ya kwenda kukaa kwenye turubai wakaelekea uwani. Wakavua makoti wakayatundika kwenye mti wa mwembe, wakakunja mikono ya mashati.

Mkubwa wao akawaambia akina mama kwa adabu kabisa: "Mama zangu, mmefanya kazi. Sasa mpumzike, huyu ni wa kwetu." Akina mama wakadhani ni utani. Wazee wakachukua miko. Yule wa mkongojo akapewa kiti, akawa anachambua mchele. Mwingine akaonja mchuzi, akatema, akauliza nani kaweka vitunguu saumu kabla ya nyama kuiva. Amri zikaanza: kuni punguza, palia moto juu, wewe kijana lete maji usisimame kama mlingoti. Kijana mwenyewe ni mimi, mfiwa.

Walipika wali na ng'ombe kwa watu wote wale bila kupima kitu, na kikatosha. Mama alikaa chini ya turubai analetewa sahani na mzee aliyevaa nishani, akala, mara ya kwanza tangu siku mbili.

Ugomvi ukaja wakati wa kuosha masufuria. Wawili kati yao walibishana karibu wavuane bereti, mmoja anasema chumvi ilipungua, mwenzake anasema marehemu ndivyo alivyokuwa anaipima na wewe ulikuwa hujui kupika tangu kambini. Ikabidi mama aitwe kuamua. Akasema ilipungua.