Darubini ya .375 imenichana juu ya jicho mara ya pili. Kosa ni mkao wangu au ufungaji?

MtotoWaKonde

Assalaam alaykum jamaa. Mie mtu wa Konde, Pemba, ila riziki yangu iko bara, kambi ya uwindaji, msimu wa tatu sasa. Niko nyumbani mpaka Juni. Naandika nikiwa na nyuzi nne juu ya jicho la kulia, na hapo hapo ndipo nilipochanika mwaka jana.

Bunduki ni .375 H&H ya kufuli (chuma cha nyuma unachokivuta kwa mkono kila risasi), mali ya kambi. Zamani ilikuwa na shabaha za chuma tu. Ikapelekwa mjini kwa fundi ikafungwa darubini ya 3-9, inayokuza mara tatu hadi tisa. Wiki iliyopita, kabla sijaondoka, tuliipima mita 100, nimelala kifudifudi, bunduki juu ya kiroba cha mchanga. Risasi tatu za mwanzo zilikaa ndani ya kiganja. Ya nne ikaruka shubiri nzima, juu kulia. Nikasema mkono wangu huo. Nikajivuta mbele nione vizuri, na ya tano ndiyo iliyonipiga. Damu ilijaa, nikadhani jicho limekwenda.

Baada ya kufungwa kidonda niliirudia bunduki. Darubini imesogea mbele ndani ya pete zinazoishika, kiasi cha unene wa sarafu mbili, na rangi yake nyeusi imekwaruzika ikabaki nyeupe. Fundi anasema nashika vibaya. Labda kweli. Lakini shingo yangu inawezaje kuisukuma darubini mbele?

Kinachoninyima usingizi si hiki kidonda, ni Julai mosi. Mgeni akimjeruhi nyati akaingia kichakani, mie ndiye ninayemfuata, na bunduki ni hiyo hiyo.

KakaWaChake

Pole yakhe. Sie kwenye mashine za boti skrubu ikilegea tunaikaza mpaka bisibisi ilie, halafu gundi nyekundu ya kushikiza skrubu. Haitoki tena.

MuuguziMkoani

Mdogo wangu, kabla ya skrubu: jicho lenyewe limepimwa, au umeshonwa tu? Pigo la hapo linaweza kudhuru ndani bila kuuma. Ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vinavyoelea kwa wingi, au kama pazia linashuka upande mmoja, usingoje kesho, nenda siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Na useme kuwa ni mara ya pili.

MzeeWaMuyuni

Mwanangu, mtii huyo muuguzi kwanza.

Mie nimezaliwa Muyuni, kwetu wasasi wanawafuata nguruwe kwa mbwa na mikuki, hakuna darubini. Lakini miaka kumi na minne nilikuwa Arusha nikitengeneza bunduki za wawindaji, na jeraha lako nimeliona kwa watu wengi. Wewe umepatwa na mambo mawili kwa pamoja, na kila mmoja anakwambia nusu yake.

La kwanza ni la kufunga. Weka kikombe juu ya mkeka, uuvute mkeka kwa ghafla. Kikombe hakiendi na mkeka, kinabaki. Bunduki ikipiga teke inakwenda nyuma, darubini inataka kubaki pale pale, kwa hiyo juu ya bunduki inaonekana imekwenda mbele. Huo mkwaruzo wako ndio ushahidi. Na teke la .375 ni karibu mara mbili ya .30-06, bunduki ya kawaida ya kuwindia. Mwenye kuzoea bunduki ndogo hufunga vilevile alivyozoea, na kwa .30-06 asingegundulika maisha.

Skrubu hazikuumbwa kubeba teke. Kazi yake ni kubana tu. Kinachobeba ni ile pingili ya pete inayokaa ndani ya mfereji wa besi, kile chuma kilichofungwa kwa skrubu juu ya bunduki, na lazima iwe imeegemea ukuta wa mbele. Ukiacha nafasi hata ya unywele, kila risasi inakuwa nyundo. Kwa hiyo kabla ya kukaza, pete nzima isukume kwa kidole gumba kuelekea mdomo wa mtutu, ndipo ukaze huku umeishikilia.

Lakini usianzie kwenye pete. Hakikisha hakuna risasi, ingiza kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, usiamini macho, toa kufuli, vua kila kitu mpaka besi. Mafundi wengi huacha mafuta kwenye matundu ya skrubu. Futa kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kisha rudisha skrubu ya mbele kabisa peke yake na jaribu kufunga kufuli: likiwa zito ghafla, skrubu ni ndefu, imegusa ndani. Hiyo utaiona imekaza kama mwamba kumbe besi inacheza.

Kijana wa Chake, nia yako njema, ila usimpe mtu ushauri huo. Mashine ya boti ni chuma kinene, darubini ni bomba jembamba la alumini. Ukilikaza mpaka bisibisi ilie unalibonyeza, na vinavyorekebisha shabaha ndani vinakwama. Pete nyingi zinataka nyutoni-mita 1.7 hadi 2.3, basi, na hapo lazima spana ya kupimia, mkono unadanganya. Gundi tia ya bluu, kwenye besi. Nyekundu itakulazimisha uchome moto kuitoa.

La pili ndilo lako, mwanangu. Umesema ulijivuta mbele. Mtu akilala kifudifudi kichwa kinatambaa mbele chenyewe, wewe ukakiongeza. Darubini ya bunduki nzito yataka sentimita 9 au 10 kutoka kioo hadi jicho, na nyingi ukizikuza hadi 9 nafasi hiyo inapungua. Ipange kwako wewe: simama, fumba macho, weka tako la bunduki begani kama utakavyofanya porini, fumbua. Picha iwe kamili bila kuitafuta kwa shingo. Kupima usilale tena, piga umekaa au umesimama na mti wa miguu mitatu. Porini iache kwenye 3 daima. Na omba kambi wakupe pete za kutoka kwa mkono bila spana, ili ukimfuata nyati kichakani darubini ibaki garini.

MtotoWaKonde

Shikamoo ami. Nimempigia mwenzangu aliyeko kambini, akazivua jana mbele ya simu nikiona. Besi ya nyuma karatasi ya sigara ilipita chini yake kabla hajagusa skrubu. Skrubu mbili za nyuma zimeng'aa nyuzi mbili za mwisho tu, yaani ndizo peke yake zilizokuwa zimeshika. Matundu yote yana mafuta. Skrubu ndefu zaidi zinaagizwa.

Jicho limepimwa leo Chake, wamesema ndani kuko salama, nirudi baada ya wiki mbili.

MzeeWaMuyuni

Marahaba, alhamdulillahi. Nyuzi mbili! Ndefu hizo akijaribu asisahau kufuli. Akimaliza achore mstari wa rangi ya kucha kutoka pete hadi kwenye darubini, na kila skrubu doa moja. Kila asubuhi ya kuwinda utazame hiyo mistari kabla ya chai. Mstari ukikatika, vua darubini siku hiyo, tumia shabaha za chuma. Na risasi za kupima Juni piga wewe mwenyewe, usiwaachie.