Tupeane uzoefu: kubadili pedi za nyuma kwenye gari lenye hendibreki ya umeme (Tiguan na SUV za aina yake)

Mwanzisha uzi: Wakuu, uzi huu ni wa kazi tupu. Tuchukue Volkswagen Tiguan ya toleo la kwanza kama mfano. Pedi za mbele fundi yeyote makini anaziweza. Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinaharibiwa nyuma, kwenye hendibreki ya kitufe. Mwenye ujuzi aweke hatua, vipimo na sababu.

Spana Kumi: Tuanze na kilichomo ndani. Kila kalipa ya nyuma ina kimota kilichofungwa mgongoni kwa bolti mbili. Kimota kinazungusha giya, giya zinazungusha skrubu iliyo ndani ya pistoni, na nati iliyo kwenye skrubu hiyo ndiyo inayosukuma pistoni ibane diski. Ukibonyeza kitufe kuachia, nati inarudi kidogo tu. Pistoni ukiikandamiza kwa jiliwa hapo, nguvu yote inaishia kwenye skrubu na giya, na kalipa ndiyo imekwenda.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Betri iwe imejaa, ikiwezekana chaja ibaki imeunganishwa, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kazi nati inasimama njiani. Gia iwe P, kabari tairi za mbele. Swichi ikiwa imewashwa bila injini, ingia na mashine ya kusoma kompyuta ya gari kwenye anwani 53 (kompyuta ya hendibreki), mipangilio ya msingi, kundi 007. Utasikia vimota vyote viwili vikirudi hadi mwisho. Kuanzia hapo mtu asiguse kitufe. Fungua kifuniko cha oili ya breki, na kama imefika alama ya juu nyonya kidogo, la sivyo itamwagika na kula rangi. Kisha sukuma pistoni taratibu, moja kwa moja. Hizi hazizungushwi kama zile za hendibreki ya waya.

Ukimaliza kufunga, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, NDIPO uingie kundi 006 kurudisha nati. Maliza na kundi 010, ambalo ni jaribio la kufunga na kufungua.

Mjukuu wa Gereji: Swali fupi. Nikiwa sina mashine, je, nichomoe soketi ya kimota na kukipa volti 12 moja kwa moja?

Spana Kumi: Usifanye hivyo, mkuu. Kompyuta inajua nati imefika mwisho kwa kuona mkondo wa umeme umepanda, halafu inakata. Waya wa betri haukati. Nati inagonga mwisho na kujikaza, au meno ya giya yanalika. Njia salama zaidi bila mashine ni kufungua bolti mbili za kimota, kukitoa, na kuirudisha skrubu kwa biti ya nyota kwa mkono. Weka oringi (mpira wa duara wa kuziba) mpya unaporudisha kimota, maana maji yakiingia pale kimota kinaoza. Hata hivyo jaribio la mwisho bado linahitaji mashine, hivyo ni afadhali kuazima moja mapema.

Bandari Salama: Kwa walio pwani, Dar, Tanga, Mombasa: chumvi inaua pini ambazo kalipa inateleza juu yake, kabla pedi hazijaisha. Dalili ni pedi ya ndani kuisha wakati ya nje bado nene, au rimu moja kuwa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari. Toa pini, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Sugua pia mahali masikio ya pedi yanapoteleza, kutu ikijaa pale pedi hairudi. Gari likiwa limetoka kuoshwa na litakaa wiki nzima, lisilale na hendibreki. Weka P na kabari kwenye uwanja tambarare, vinginevyo pedi inashikana na diski kwa kutu.

Kipimo Kwanza: Pedi ikibaki mm 3 za nyama, bila kuhesabu bati, badilisha pande zote mbili. Diski ipime kwa maikromita sehemu kadhaa, ulinganishe na kikomo kilichochongwa ukingoni. Diski ya mbele yenye mm 25 kwa kawaida huishia 22. Usukani ukitetemeka ukifunga breki, fundi husema diski imepinda, lakini mara nyingi ni kutu iliyobaki kati ya diski na habu (kitovu diski inapokaa). Piga brashi ya waya habu kabla ya kufunga diski mpya, na bolti za rimu zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa bunduki ya upepo.

Pedi mpya zizoeshwe: punguza mwendo kutoka km 60 hadi 20 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe katikati.

Mteremko: Oili ya breki isisahaulike. DOT 4 (daraja la oili ya breki) ikiwa mpya inachemka si chini ya 230 °C, ila inanyonya unyevu hewani, na kiwango cha chini kwa iliyolowa ni 155 tu. Ukishuka mlima Kitonga umekanyaga breki mfululizo, oili ya zamani inatoa mvuke na pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha kila miaka 2, shuka na gia ndogo. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 4 hata tone.