Mdogo wangu anataka kuingia ligi ya taifa ya soka la gemu, na mwaka huu ni kandideti wa mtihani wa kidato cha nne. Nimruhusu?

FundiWaNile (Jinja, Uganda):
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha gemu hapa Walukuba: runinga mbili, PlayStation 4 mbili, na benchi linalojaa kila shule zikifungwa. Mechi ni shilingi 500, anayefungwa ndiye anayelipa. Mdogo wangu ana miaka 17, mimi ndiye ninayemlea tangu baba afariki. Tangu mwezi wa pili hajalipa hata mechi moja, maana hafungwi.

Sasa kaja na habari ya ligi ya taifa. Mechi za makundi zinachezwa mtandaoni Jumamosi na Jumapili, watakaofuzu wanakutana Kampala mwezi wa kumi. Kiingilio ni 50,000. Mwezi huohuo wa kumi ndio mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inaanza, na yeye yuko S4, yaani kidato cha nne. Mama hataki hata kusikia.

Juzi usiku umeme ulikatika. Nikaingia kufunga kibanda nikamkuta amekaa gizani, padi ya gemu mkononi, runinga imezima, vidole vinabonyeza polepole kama mtu anayekariri. Hiyo picha hainitoki.

Jambo jingine: mwaka jana nilituma kiingilio cha mashindano fulani kwa namba ya simu ya mtu. Hayakufanyika, na pesa sijaiona tena. Naomba ushauri wa kweli, matusi hapana.

Mwalimu_Zai (Mbale):
Pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Nafundisha S4. Kandideti anayepoteza Jumamosi na Jumapili zote kuanzia sasa namwona darasani Jumatatu: mwili upo, akili haipo. Ligi itakuwepo mwakani. Cheti akikikosa atarudia mwaka mzima, na karo ni wewe utakayelipa.

PadiNyeusi (Kisenyi, Kampala):
Mkuu, mimi nimecheza mashindano kadhaa hapa mjini. Kwanza uliza ni gemu gani. Watu wanasema "FIFA" kwa mazoea, lakini shirikisho la FIFA na EA, kampuni inayotengeneza gemu hiyo, waliachana; FIFA 23 ndiyo ya mwisho kwa jina hilo, na tangu 2023 ni EA Sports FC. Kombe la Dunia la gemu la FIFA lenyewe la 2024, lile la Riyadh, lilichezwa kwa eFootball ya kampuni ya Konami, ambayo kuipakua ni bure. Aliyezoea moja akiingia kwenye nyingine anaanza upya: pasi, mashuti, hata mwendo wa mchezaji.

Pili, na hili ndilo linalowaangusha vijana wa vibandani. Fungua menyu utazame ulinzi. Vibanda vingi vimeweka Legacy Defending: unashikilia kitufe cha X tu, beki anamfukuza mwenye mpira mwenyewe. Kwenye mashindano ni Tactical. Lazima umsogeze beki kwa mkono wako, usubiri, uchague wakati wa kukaba. Ukirukia mapema umepitwa. Vibandani pia mnacheza dakika chache tu kila kipindi. Huko kwa kawaida ni sita, na pumzi ya akili inahesabika. Na kwenye runinga washa Game Mode, la sivyo kila anachobonyeza kinachelewa kidogo.

Mechi za mtandaoni asitumie hotspoti ya simu. Avute kebo ya intaneti.

MzeeWaBombo:
Mwanangu, usitume hata shilingi kwa namba ya mtu binafsi. Omba kanuni zilizoandikwa: zawadi inalipwa lini, umeme ukikatika katikati ya mechi inakuwaje. Hilo la umeme kwa Uganda si dogo. Mashindano mengi huweka umri wa chini, na aliye chini ya 18 husainiwa na mzazi. Kwa hiyo mama yako lazima akubali. Usimzunguke.

PadiNyeusi:
@Mwalimu_Zai nakuheshimu dada, ila mtoto akikatazwa kabisa atatoroka usiku akacheze kwingine. Kaka yake ana kibanda, bora awe machoni pake.

Mwalimu_Zai:
Machoni pake sawa. Muda wa saa mbili tu Jumapili, vitabu vikiwa vimefungwa. Sijasema asiguse padi.

FundiWaNile:
Asanteni sana. Nimetazama menyu: PadiNyeusi umesema kweli, ni Legacy tangu nifungue kibanda. Jana nikabadilisha bila kumwambia. Kafungwa 3–0 na kijana anayekaanga chapati hapo nje. Alinyamaza kimya, akatoa 500 mfukoni, akaiweka mezani, akaomba padi tena.

Baadaye nikamweleza, tukaenda kwa mama pamoja. Tumekubaliana: mwaka huu hajisajili. Jumapili saa mbili za mazoezi, Tactical tu, dakika sita, hadi karatasi ya mwisho ya UNEB. Msimu ujao kiingilio nalipa mimi, mama anasaini, na kanuni nitazisoma mwenyewe kwanza.

Kuna mtu anajua pa kupata kebo ya intaneti ya mita kumi hapa Jinja, isiyo feki?

PadiNyeusi:
Nipo Jinja Ijumaa, mkuu. Nitakuletea.